Mpelelezi Mcha Mungu: Je, Runinga Yetu Ina Nafasi Yake?

*Tamthilia ya Kimarekani juu ya polisi Myahudi ashikaye dini yatuonyesha pengo lililomo katika hadithi zetu za upelelezi, na sababu nzito zilizolifanya pengo hilo lidumu.*

Jioni ya Jumamosi, katika banda la video lililo nyuma ya soko la Tandika, Wilaya ya Temeke, ambamo watu huketi bega kwa bega juu ya mabenchi ya mbao kutazama filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili, mpelelezi mmoja wa jiji la New York alionekana amesimama mbele ya maiti, akainamisha kichwa, akanong'ona dua kwa lugha ambayo msimulizi wa filamu hakujaribu kuifasiri.

Watazamaji, waliozoea askari wa filamu arukaye kuta, apigaye risasi na anywaye mvinyo, walianza kubishana papo hapo. Wako waliodhani ni padri, wako waliodhani ni jasusi aliyejificha. Na mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza huyu ni polisi gani asomaye dua kabla ya kuandika maelezo. Kabla hajajibiwa, adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na mwenye banda, kama ilivyo desturi, akaifunga sauti mpaka adhana ilipokwisha.

Nilifika Tandika kwa agizo la mhariri, aliyetaka kujua kwa nini tamthilia zetu za polisi, ambazo ni chache, hazijatujengea mpelelezi ambaye dini yake ni sehemu ya kazi yake, ilhali nchi yetu ni nchi ambayo mkutano haufunguliwi bila dua, jeneza haliondoki bila sala, na daladala hubeba jina la Mungu juu ya vioo vyake.

Chini ya burudani hiyo limelala swali zito la kiraia. Mtu tuliyemkabidhi bunduki, pingu na mamlaka ya kutuita kituoni huzuiwa na kitu gani, pale asipoonwa na mtu?

Alikotoka Avraham

Mpelelezi wa filamu ile aitwa Avraham Avraham, na tamthilia yenyewe, *The Calling*, yenye vipindi 8, ilianza kuonyeshwa Marekani na huduma ya Peacock tarehe 10 Novemba 2022, ikiwa ni kazi ya David E. Kelley, bingwa wa tamthilia za mahakamani, na Barry Levinson miongoni mwa waongozaji wake. Jeff Wilbusch, aliyemwigiza mpelelezi huyo, mwenyewe alilelewa katika jamaa ya Wayahudi wa Satmar, watu washikao dini kwa nguvu kubwa, kabla ya kujitenga nayo angali mdogo.

Asili ya Avraham ni riwaya za Kiebrania za Dror Mishani, ambamo yeye ni inspekta wa Holon, mji ulio jirani na Tel Aviv, mtu mpweke na mwenye mashaka, ambaye dini si nguzo ya maisha yake. Waliomhamishia New York ndio waliomvika ucha Mungu, wakamfanya aamini kwamba kila mwanadamu, hata mwovu, amebeba kitu kitakatifu ndani yake, na kwamba imani hiyo ndiyo imfunguliayo vinywa vya watu.

Tamthilia haikupata msimu wa pili. Nionavyo mimi, kasoro yake ni kwamba ilimpa Avraham dua nyingi na sheria chache: twamwona akihuzunika kwa imani, lakini ni nadra kumwona imani ikimzuia kufanya jambo ambalo polisi mwenziwe angelifanya bila kusita.

Hata hivyo yeye si wa kwanza wa kabila lake. Mwaka 1964 Harry Kemelman alimtoa rabi David Small, ateguaye vitendawili vya mauaji kwa mbinu za hoja za Talmudi, na mwaka 1977 televisheni ya NBC ikamleta kwenye kioo katika *Lanigan's Rabbi*. Nao Waingereza walikuwa wamekwisha kumzoea Father Brown wa G. K. Chesterton tangu mwaka 1910, padri aliyeujua uovu wa watu kwa kuwa amekesha miaka mingi akisikiliza maungamo yao.

Mtazamaji wa Tandika humtazama Myahudi kama Avraham kwa macho yenye historia. Tanzania ilivunja uhusiano wake na Israel mwaka 1973, ikaurejesha mwaka 1995, na ubalozi wetu ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018. Katika mtaa mmoja waweza kumkuta Mkristo anayetamani kuzuru Yerusalemu kabla hajafa, na jirani yake Mwislamu ambaye habari za Palestina humtoa machozi. Wote wawili huketi benchi moja, na jambo lililonigusa ni kwamba ubishi wao jioni ile haukuwa juu ya Uyahudi wa mpelelezi hata kidogo, bali juu ya dua yake.

Bwana Msa na warithi wake

Fasihi yetu ilimpata mpelelezi wake kabla runinga haijakuwapo. Muhammed Said Abdulla, mwandishi na mhariri wa magazeti aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa hadithi ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa kitabu mwaka 1960, na humo ndimo alimoingia Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni.

Bwana Msa ni Mzanzibari katika kila neno na kila adabu, na ulimwengu umzungukao ni ulimwengu wa Kiislamu. Walakini silaha yake ni akili tupu, na hasimu wake mkubwa, kabla hata ya muuaji, ni ule ushirikina uwafanyao watu waridhike kwamba maiti ameuawa na mzimu ilhali aliyemuua ni mtu mwenye jina na sababu. Hatuonyeshwi dini ikimwelekeza katika upelelezi wake, wala haikuwa kusudi la mtungaji.

Waliomfuata walikwenda mbali zaidi na msikiti na kanisa. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla, katika *Simu ya Kifo* ya mwaka 1965, ni ofisa wa mji mpya wa simu na magari; Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, waliowakesheza vijana wa miaka ya 1970 na 1980, ni mashujaa wa risasi, safari na mapenzi, ambao Mungu kwao hutajwa wakati wa hatari, kisha husahauliwa.

Zanzibar ilipata televisheni yake ya rangi mwaka 1973, na Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Tamthilia zilizofuata, na baadaye filamu za Bongo, zilishika ndoa, urithi, uchawi na wivu, na polisi ndani yake aghalabu hufika mwishoni, mkosaji afungwapo pingu na kupakiwa kwenye difenda. Hana mke, hana mtoto mgonjwa, hana siku ya ibada. Jirani zetu wa Kenya, kwa *Crime and Justice* iliyotolewa na Showmax mwaka 2021, wamethibitisha kwamba hadithi ya upelelezi yaweza kuigizwa katika miji yetu na kupata wenyewe.

> Polisi wa filamu zetu hana mke, hana mtoto mgonjwa, hana siku ya ibada.

Mwembechai na Mbagala

Wenye kupinga wazo la mpelelezi mcha Mungu hawapingi kwa upuuzi, na yeyote aliyeishi Kinondoni na Temeke kwa muda mrefu anajua wanakotoka.

Februari 1998, mapambano baina ya polisi na waumini katika eneo la msikiti wa Mwembechai, Magomeni, yaliisha kwa watu kuuawa kwa risasi, na jeraha lile lingali likitajwa katika mazungumzo ya wazee wa Kinondoni mpaka leo. Oktoba 2012, huko Mbagala, ugomvi wa watoto wawili uliozaa kudhalilishwa kwa msahafu uligeuka ghadhabu ya umati, makanisa yakachomwa na kuvunjwa, na polisi wakajikuta kati ya watu waliokuwa jana yake wakinunua samaki kwenye meza moja.

Mwenye kumbukumbu hizo huuliza: tukimwonyesha mpelelezi mwenye kanzu na tasbihi amkamata mchungaji, au mpelelezi mwenye msalaba shingoni avunja mlango wa ustadhi, ni nani katika banda la Mbagala atakayeitazama kesi, asitazame dini? Ndipo hutajwa ile kanuni tuliyolelewa nayo, kwamba Serikali haina dini bali wananchi ndio wenye dini. Hutajwa pia kwamba sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza watu dini zao, kwa sababu taifa liliona ni salama zaidi kutohesabiana kwa jambo hilo.

Mwenye kituo cha runinga ana hofu zake mwenyewe. Mswada wa filamu hupitia Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Sare ya polisi haivaliwi na raia bila idhini. Na mfanyabiashara alipiaye matangazo hapendi bidhaa yake isimame kando ya ugomvi wa dini. Rahisi kwao wote ni kumweka polisi asiye na imani yoyote, nao hukiita kitendo hicho busara.

Naiheshimu hofu yao, lakini siamini kwamba kimya kimetulinda. Mwembechai na Mbagala zilitokea katika nchi ambayo runinga yake haikuwa imemwonyesha polisi akisali. Na kwa kutomwona kamwe askari kama mwanadamu mwenye Mola wake, raia hubaki na sare peke yake mbele ya macho yake, tayari kuijaza uvumi wowote auletewao.

Katiba yenyewe, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani yake, wala haikumtoa askari. Kila mwezi wa Ramadhani wapo polisi wafungao saumu huku wakiongoza magari juani, na kila Jumapili wapo walio zamu wakati jamaa zao wako kanisani. Watu wa mtaani wanawajua kwa majina.

Wasiotaka ibada iigizwe

Kuna upinzani mwingine, utokao upande usiotazamiwa, yaani kwa waumini wenyewe. Hawa hawana neno na polisi mcha Mungu; wanaloliogopa ni mwigizaji.

Husema kwamba swala ni kitendo baina ya mja na Mola wake, na kwamba mtu asimamaye kuelekea kibla kwa kuwa kamera imewashwa, akarukuu mara sita kwa kuwa mwongozaji hakuridhika na mwanga, amecheza na jambo lisilochezwa. Hukumbusha pia hadithi ya Mtume iliyo mashuhuri kwa wanavyuoni, kwamba ndoa, talaka na urejeo, utani wake ni kweli kama kweli yake, na kwa ajili hiyo wengine hawapendi hata kuyasikia maneno ya talaka yakitamkwa katika tamthilia baina ya watu ambao si mume na mke.

Hoja hii yastahili jibu la adabu. Nadhani jibu limo katika ustadi wa mwandishi: ucha Mungu wa mpelelezi hauhitaji kuonyeshwa katika rakaa hata moja, maana dini ya mtu huonekana zaidi katika anachokikataa. Akiondoka kwenye meza ya chai yenye bahasha juu yake, tumekwisha kumjua. Akiahirisha kumhoji mwanamke usiku mpaka apatikane askari wa kike, tumezidi kumjua.

> Dini ya mtu huonekana zaidi katika anachokikataa.

Wako na wanaoshuku kwamba mpelelezi wa namna hii atakuwa chombo cha kulisafisha Jeshi la Polisi, nao wana haki ya kushuku. Tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023 kuzitazama taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ililitaja jeshi hilo miongoni mwa taasisi zihitajizo marekebisho makubwa. Na mwananchi aliyezungushwa kituoni kutafuta RB ya simu yake iliyoibwa, au aliyengoja PF3 huku damu ikimtoka, hatafarijiwa na sura ya sajini mwenye alama ya sijida pajini mwa uso. Ajua pia kwamba mtu aweza kusali na kupokea rushwa siku moja.

Kwa hiyo tamthilia nitakayoikubali ni ile ambayo imani humgharimu mpelelezi, wala haimpambi.

Mwito wa jioni ya Ijumaa

Mfano wa gharama hiyo tunao karibu kuliko New York, nao ni askari Msabato.

Waadventista Wasabato walianza kazi yao Upareni mwaka 1903, wakati wa Wajerumani, na leo wamo Magomeni na Temeke kama walivyomo Upare na Mara. Nao, kama Wayahudi, huitunza Sabato kuanzia kuchwa kwa jua la Ijumaa hadi kuchwa kwa jua la Jumamosi. Mpelelezi wa imani hiyo, aliyepangwa Chang'ombe, ambaye simu yake yalia saa kumi na mbili na nusu jioni ya Ijumaa kwa habari kwamba mtoto ametoweka Mbagala, amewekwa penye njia panda ambayo mwandishi yeyote mwenye kipaji angeitafuta kwa miaka.

Torati ya Wayahudi, kwa tafsiri ya marabi wao, imelimaliza jambo hilo: kuokoa maisha huitangulia Sabato. Msabato naye husoma katika Injili kwamba Yesu aliponya siku hiyo. Na mafakihi wa Kiislamu wana kaida yao kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Basi mtoto akiwa hai, mpelelezi wetu huenda, na moyo wake hautamsuta.

Lakini mtoto akiwa amekwisha kupatikana, na linalobaki ni kumwandika maelezo mtuhumiwa aliyekwisha kuwekwa mahabusu, je? Mkuu wa upelelezi ataka jalada Jumatatu asubuhi, wenzake wamekwisha kuchoka na udhuru wake, na mke amewasha taa, watoto wamekusanyika kwa nyimbo. Hapa hapana dharura ya kumwokoa. Kuna kazi tu, na cheo, na minong'ono ya kwamba huyu hujificha nyuma ya dini. Nimewaza sana juu ya mtu huyo, na ningependa kumwona kila wiki.

Chumba cha mahojiano

Mpelelezi Mwislamu wa Tandika angekuwa na mtihani mkali zaidi, kwa kuwa Kurani, katika Sura ya Al-Hujurat, yawakataza waumini kupelelezana. Masheikh husimulia kisa cha Khalifa Umar bin Khattab, aliyekuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti za anasa nyumbani mwa mtu, akapanda ukuta, akamkuta na pombe. Mtu yule akamjibu kwamba, ikiwa yeye amekosa mara moja, Amirul Muuminina amekosa mara tatu, kwa kupeleleza, kwa kuingia pasipo mlangoni, na kwa kutobisha hodi na kutoa salamu. Umar, asimulia msimulizi, akamwacha.

Mtu aliyelelewa juu ya kisa hicho, kisha akaajiriwa kuwa askari kanzu, na mshahara wake ukawa ni kwa kusikiliza penye kuta za watu, atayapatanisha vipi mawili haya? Atatofautisha, yamkini, baina ya aibu ya mtu iliyo sitara kwake na jinai idhuruyo wengine. Lakini mpaka baina yao ni mwembamba, na kila kesi humlazimu auchore upya. Kesi ya wapenzi wawili waliofungiwa chumbani Manzese, ambayo majirani waitia mkono kwa ghadhabu, si sawa na kesi ya ghala la bangi.

Sheria ya Kiyahudi ina mkazo wake mwingine, ambao natamani watungaji wa *The Calling* wangeutumia. Kwa kanuni ya marabi, iliyowekwa wazi na Maimonides katika karne ya 12, mahakama haimwui mtu wala haimchapi kwa kuungama kwake mwenyewe. Wahitajiwa mashahidi wawili. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikumbuka kanuni hiyo katika hukumu yake ya Miranda ya mwaka 1966, ile iliyowalazimu polisi kumwonya mtuhumiwa juu ya haki yake ya kunyamaza.

Nasi tuna maelezo ya onyo, na tuna kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ambamo hakimu husikiliza madai ya mtuhumiwa kwamba alitia saini kwa kupigwa. Aliyewahi kuketi mahakamani Kisutu siku moja tu amekwisha kuyasikia madai hayo. Huko, na si msikitini wala kanisani, ndiko ningempeleka mpelelezi wetu katika kipindi chake cha kwanza.

Ampeleke mtuhumiwa chumbani usiku, meza moja, viti viwili, feni isiyofanya kazi. Akute karatasi zimekwisha kuandikwa na mwenzake, na saini imetiwa kwa mkono uliovimba. Habari zilizomo ni za kweli. Mtuhumiwa ndiye aliyeua. Ndugu wa marehemu wako nje kwenye benchi tangu asubuhi, nao ni majirani zake, watu asalio nao. Kinachohitajiwa ni jina lake tu chini ya ukurasa, kama shahidi wa kwamba mtu huyu alisema kwa hiari yake.

Mwandishi atakayekiandika kipindi hicho hatahitaji kibali cha kujenga msikiti wala kanisa la maigizo, na hataikosea dini ya mtu yeyote. Atahitaji mwigizaji awezaye kunyamaza kwa dakika nzima akiwa na kalamu mkononi, na kituo cha runinga kitakachokubali kipindi kiishe kabla mtazamaji wa Tandika hajaambiwa kama aliandika au hakuandika.